Mwali Hatembei

Ijumaa, mwezi wa nane, 2007. Kilosa. Upepo tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno.

Shajara, leo usinicheke. Siku zote mimi na wewe tunawacheka wenzetu humu na tumefaidi sana. Leo zamu imenifikia.

Nimekaa kwenye kompyuta ya duka la fotokopi, karibu na stesheni. Mwenye duka ananitazama kwa jicho la saa. Nimemwambia naandika barua ya kuomba kazi. Umeona? Hata hapa, kabla sijafika popote, nimeshadanganya.

Kwa wasomaji wangu saba, ambao wawili ni mimi mwenyewe nikiangalia kama ukurasa unafunguka, niseme kwanza kwamba mimi ni kijana mwenye akili. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tusibishane. Lakini kuongea naongea, kuandika mnaona wenyewe, na mtaani kwetu hakuna harusi inayofana nisipokuwepo. Nayasema haya mapema kwa sababu yanayofuata hayatanipendezesha.

Kesho alfajiri natakiwa kuwapeleka wazee kumi na mmoja Hifadhi ya Mikumi. Mimi ndiye mwongozaji wao. Mtaalamu. Mtu anayeijua mbuga kichaka kwa kichaka.

Sijawahi kuingia humo hata siku moja.

Haya, nimeandika. Wiki nzima nimelizunguka neno hilo kama kuku anavyozunguka jiko lenye moto. Nimepita barabara kuu kwa basi kama kila mtu, nimewaona nyani na swala wa dirishani, lakini hao hawahesabiki. Hao hata konda anawajua.

Ilianza hivi. Mwaka juzi nilikwenda Mikumi mjini kutafuta maisha, nikapata kazi ya kuosha magari ya watalii. Yakitoka mbugani jioni, mimi nayapokea na ndoo na brashi. Nilikaa miezi minane. Tope la Mikumi nililijua lote: lile jeusi la bondeni linalonata kama ugali wa jana, lile jekundu, lile lenye majani ndani. Mbuga nzima ilinijia kwenye matairi. Mimi kuijia yenyewe, hakuna aliyewahi kuniambia panda.

Siku moja dereva mmoja, kaka Sudi, aliacha kofia yake juu ya boneti. Nikaivaa, nikaegemea gari, mpiga picha wa mtaani akanipiga. Picha nikamtumia Bibi. Nyuma yake nikaandika, "Bibi, niko kazini na watalii." Ni uongo huo? Niapishwe kabisa, nilikuwa kazini, na watalii walikuwepo, wanakunywa bia zao upande wa pili wa ukuta.

Bibi akaitundika juu ya redio. Kila aliyekuja kumsabahi alianzia kwenye picha. Niliporudi Kilosa nikakuta cheo kimeshanitangulia, kilichobaki ni kukivaa. Nikakivaa. Nikasimulia simba wanavyowinda. Nikasimulia tembo aliyenikazia macho mpaka akainamisha kichwa yeye. Watu wazima walinyamaza kunisikiliza, na shajara, kunyamaziwa na watu wazima ni kutamu kuliko soda baridi.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama yuko Dar na maisha yake. Bibi ananiita "mume wangu", kama bibi wote wanavyowaita wajukuu zao, na mimi namwita "mke wangu mkubwa" na kumwuliza lini ataota meno tule mahindi ya kuchoma. Tunataniana kutwa. Ndiyo maana uongo wangu ulipita kwake bila kupekuliwa. Katika utani mtu hajui pa kuanza kuulizia.

Sasa, Bibi ni mwanachama wa chama cha kuzikana cha mtaani kwetu. Wazee kumi na mmoja, Waislamu na Wakristo, wengine wenyeji wa tangu na tangu, wengine watoto wa waliokuja kukata mkonge na kujenga reli. Mwenyekiti ni Mzee Alfonsi, mstaafu wa reli, ambaye mpaka leo anavaa koti la kazi hata jua likiwa la kupasua mawe. Chama kina sheria moja inayozidi zote: safari ya chama ni ya wote. Kwenye msiba wanakwenda wote au hawaendi.

Mwaka jana walichukua mwili wa mwenzao hospitali Morogoro kwenda kuuzika kwao Kidodi. Njia ile inakata katikati ya hifadhi. Wanasema tembo walikuwa pale pembeni, kundi zima na watoto, na dereva hakusimama, maana gari lenye maiti halisimami kutazama wanyama. Wazee wakasogea dirishani. Mzee Alfonsi akasimama, akaziba dirisha lote. Bibi alikuwa nyuma yake.

Tangu siku hiyo Bibi anasema tembo amemwona, alikuwa amevaa koti la reli.

Anaisema kwa utani, watu wanacheka, na Mzee Alfonsi anacheka kuliko wote. Lakini mimi nalala chumba cha pili, namsikia akiongea na redio. Anataka kumwona tembo kabla hajafa. Si kwa hadithi, si kwa picha. Amwone mnyama mwenyewe akikunja mkonga.

Mwaka huu, Mungu ashukuriwe, chama hakijafiwa. Mzee Alfonsi akasema basi turudi kule bila maiti. Wazee wote wakageuka kunitazama.

"Mwongozaji tunaye ndani," Bibi akasema. Akanyoosha shingo aliposema. Sikuwahi kuiona shingo yake ndefu namna ile.

Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo. Nikasema, "Niachieni mimi."

Nikatafuta karatasi ya manila nikapanga safari. Watalii niliowaoshea magari walikuwa na viatu vya kupandia milima na fimbo, wakiongea habari za maporomoko ya maji kule kwenye milima ya mbele ya Kidodi. Kichwani mwangu safari bila kutembea si safari. Nikachora mishale: hapa tunashuka, hapa tunapanda mlima, hapa tunaoga. Nikawasomea wazee kwa sauti ya redio.

Mzee Alfonsi akavaa miwani, akaangalia mishale yangu.

"Mjukuu," akasema, "hapa pana magoti ishirini na mawili. Mazima ni manne, na mawili ni ya Bi Mwantumu, naye hayatoi kwa ajili ya mlima."

"Siyatoi," akasema Bi Mwantumu. "Bado nayachezea ngoma."

Bi Mwantumu ndiye kungwi wa mtaa wetu, anayewafunda wasichana na kuwatoa mwali. Mdomo wake usiutafute.

Nikarudi kupanga upya, na hapo ndipo nilipojua kwamba safari ya watu wasiotembea ina kazi kuliko ya wanaotembea. Anayetembea unamwambia twende, basi. Hawa kila mmoja ana lake. Mmoja ana sukari, lazima ale kila baada ya muda. Wawili wanakwenda msalani mara kwa mara, na ukiwaambia wasinywe chai asubuhi ni kama umewatukana. Mmoja haoni mbali, inabidi darubini, na darubini nimeipata moja tu, nayo inaona kwa jicho moja, jicho la pili lina ufa. Barabara ya kutoka hapa hadi Mikumi ni vumbi na mashimo, zaidi ya kilomita sabini, kwa hiyo mito ya kukalia. Nani akae karibu na mlango, nani asikae juu ya tairi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ni ndefu na ina makorongo.

Jumatatu nikaenda Mikumi kumtafuta Sudi, yule wa kofia. Siku hizi ana Coaster. Nilimwambia kila kitu, maana yeye simpigi fiksi, ananijua. Alicheka mpaka akashika bampa.

"Mwongozaji? Wewe si ulikuwa unamkimbia ngedere wa jikoni?"

"Kaka, nisaidie. Wewe endesha, niambie kimyakimya, mimi nawaeleza."

Alipomaliza kucheka akanielewesha. Ndani ya mbuga hushuki ovyo. Kuna sehemu chache tu za kushuka, kama pale kwenye bwawa la viboko. Kwingine kote unakaa ndani ya gari, kwa sheria. "Kule mbuga ndiyo inatembea," akasema, "wazee wanakaa." Nilitamani kumkumbatia. Hifadhi nzima imetengenezwa kwa ajili ya magoti ya Mzee Alfonsi, na mimi nilikuwa nachora mishale.

Kisha akataja kasoro ya gari lake. Ngazi ya kwanza ya Coaster iko juu. Tukaipima. Akiweka kigoda chake chini, inabaki hatua mbili, kila moja urefu wa tofali moja lililosimamishwa. Mzee anayeweza kuinua mguu tofali moja, anapanda. Asiyeweza, hapandi.

Kwa hiyo juzi Jumatano nikafanya jaribio uani kwa Mzee Alfonsi. Hapa nipunguze mwendo, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Nilisimamisha matofali. Nikawa na daftari, na kalamu sikioni. Wazee wakapita mmoja mmoja wakishikilia nguzo ya kibaraza, na mimi natangaza kama kwenye mpira. Mzee Alfonsi, tofali moja, kwa shida lakini tofali ni tofali. Bi Mwantumu, matofali mawili, akazunguka na kiuno juu yake, wazee wakapiga makofi. Watu walicheka sana. Walianza kuitana kwa matofali yao. Nilikuwa nimenoga.

Zamu ya Bibi, yeye akaanza kusimulia habari nyingine. Nikamwambia, "Mke wangu mkubwa, usituzungushe, panda." Akacheka. Akashika nguzo. Akaendelea kuongea na mguu wake umesimama. Kisigino kiliinuka kidogo, kandambili ikabaki chini. Akajaribu tena. Nikaona mkono wake ulivyobana nguzo.

Niliona, shajara. Sitasema sikuona. Lakini watu walikuwa wanasubiri kicheko kinachofuata, na mdomo wangu haujui kuwasubirisha watu.

"Bibi," nikatangaza, "sifuri."

Hakuna aliyecheka.

Miaka mingi ya utani hajawahi kunikasirikia. Kumbe utani una ukuta, na mimi nilikuwa nimeuruka mbele za watu. Kumbe nyonga yake imemkataa muda mrefu, ndiyo maana kitanda chake alikishusha kikawa cha chini, ndiyo maana amekuwa hapiti njia ya sokoni yenye mtaro. Mimi niko naye nyumba moja na sikujua. Mtaalamu.

Mzee Alfonsi akasema kwa upole, "Shemeji, hilo si jambo. Vijana watakubeba wakuweke kwenye kiti."

"Wanibebe?" Bibi akasema. "Chama hiki kinavyobeba mtu nakijua. Siku yangu bado."

Akachukua mkoba wake akaondoka, polepole, kwa njia ya kuzunguka. Alisema haendi, na chama kiende. Lakini chama hakiendi, sheria ni sheria. Mzee Alfonsi akatoa uamuzi: wamsubiri mpaka Ijumaa kabla ya swala ya mchana. Asipobadili nia, Sudi apigiwe simu asije.

Sasa nikuambie kitu kibaya, shajara, na wewe ukifiche ijapokuwa uko kwenye mtandao.

Nilifurahi.

Nilitembea kurudi nyumbani nimeinamisha kichwa, watu wakidhani ni aibu. Kumbe ndani yangu mlango umefunguka. Bibi haendi, safari haipo, na mwongozaji anabaki mwongozaji mpaka kufa. Picha inabaki ukutani. Kilichotakiwa kwangu ni kukaa kimya siku mbili tu, mimi ambaye sijawahi kukaa kimya saa mbili.

Jana Alhamisi asubuhi nikaanza. Nilifagia bila kuambiwa. Nilichota maji. Bibi alinijibu marahaba na hakuongeza neno. Hakuniita mume wake. Nikatoka kwenda kijiweni, nikasahau simu, nikarudi kuichukua kwa njia ya nyuma.

Nyuma ya nyumba Bibi alikuwa peke yake. Amesimamisha tofali moja ukutani. Mkono mmoja ameshika ukuta, mwingine ameushikilia mchi wa kutwangia. Anauangalia mguu wake kama mtu anayemwangalia mtoto mkaidi. Anajaribu. Kisigino kinainuka, kinarudi. Anapumzika. Anajaribu.

Nilisimama pale nyuma ya uzio wa mabua, nikahesabu mara tisa.

Sikuingia. Simu sikuichukua.

Nilikwenda nikakaa kwenye reli, pale ambapo siku hizi nyasi zinaota kati ya mataruma, nikaona nimebanwa pande zote. Nikinyamaza, mimi napona na yeye anabaki na tofali lake. Nikisema, yeye anaweza kwenda, na mimi kesho nakaa mbele ya watu kumi na mmoja sijui hata geti linafunguka upande gani. Maana jibu nilikuwa nalo. Hilo ndilo lililoniudhi. Lilinijia pale kwenye reli bila kuitwa, na jibu likishaingia kichwani hulitoi kwa kutikisa.

Kwetu huku mtu anabebwa mara mbili. Anabebwa akifa, na chama kipo kwa kazi hiyo. Na mwanamke anabebwa akiwa msichana, siku ya kutolewa mwali, akishamaliza kufundwa. Siku hiyo miguu yake haigusi ardhi. Anawekwa begani, amevishwa kanga mpya na shanga, mbele yake ngoma, na hakuna anayesema maskini hawezi kutembea. Wanasema mwali hatembei.

Leo asubuhi nikamkuta Bibi anapepeta mchele. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, "Mke wangu mkubwa, ulipotolewa mwali ulitembea?"

Akainua macho. "Nani amekufundisha kuuliza mambo ya wanawake?"

"Nauliza tu. Ulipanda matofali mangapi?"

Nilidhani atanipiga na ungo. Akauweka mapajani. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Alicheka, shajara, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akasema mimi sina adabu, akasema nilaaniwe, akasema kama ni mwali basi kanga yake ile ya kijani iko chini ya sanduku.

Halafu akaacha kucheka. Akanitazama.

"Na wewe una lako. Tangu jana unafagia. Sema."

Nilikuwa na njia kumi za kukwepa. Nimezizoea zote. Lakini nilikuwa nimechuchumaa, na ukichuchumaa mbele ya mtu aliyekulea unakuwa na miaka sita.

"Bibi, mbugani sijawahi kuingia. Nilikuwa naosha magari."

Akachagua kokoto mbili kwenye mchele, akazitupa.

"Kofia nilijua si yako," akasema. "Imekushukia mpaka masikioni. Ila nilidhani mbuga ni yako."

Nikasema nitakwenda kwa Mzee Alfonsi niwaambie wote. Akakataa.

"Ukisema leo hawapandi gari. Mzee Alfonsi atasema hatuongozwi na muosha magari, watakaa hapa wakinung'unika mpaka chama kipate msiba, nami sitamwona tembo. Wewe utasema. Lakini utasema ndani ya mbuga, tukishamwona tembo wa kwanza. Mtu aliyetoka kumwona tembo hana nguvu ya kukasirika."

"Na nisiposema?"

"Nitasema mimi. Na mimi nitaongeza chumvi."

Hivyo ndivyo tulivyokubaliana, mume na mke.

Kabla ya swala tukakusanyika uani kwa Mzee Alfonsi. Nikaeleza habari ya mwali. Kulikuwa na ubishi, si unawajua wazee. Mmoja akasema mjukuu ni mume, na mume hambebi mwali, anayebeba ni mjomba. Bi Mwantumu akasimama, mikono kiunoni.

"Basi mjomba mwenye goti zima ajitokeze."

Mzee Alfonsi akaanza kuangalia viatu vyake.

"Nilidhani," Bi Mwantumu akasema. "Kijana, inama tujaribu."

Nikainama. Wakamweka Bibi begani kwangu kama inavyotakiwa, Bi Mwantumu akimshika mkono huku akiimba kwa sauti ya chini, sauti ya kazi yake. Nilijiandaa kwa uzito. Nilikaza meno, nikasimama kwa nguvu zangu zote, nikayumba karibu niende na nguzo.

Bibi ni mwepesi.

Sikuwa najua. Amekuwa mwepesi kama tita la kuni kavu, na mimi nilisimama pale nikiwa nimembeba, watu wanapiga vigelegele. Yeye kule juu alikuwa anawaamuru wapishe njia. "Ona," akamwambia Mzee Alfonsi, "sasa hata nikikaa nyuma ya koti lako naona."

Sudi akapigiwa simu aje.

Sasa nimekaa hapa na sina mlango uliobaki. Nilikuwa na mmoja, nimeufunga mwenyewe, na funguo nimempa bibi kizee. Tangu mchana kila mzee ninayemwamkia ananiitikia marahaba kwa heshima ambayo sijaifanyia kazi. Yule mwenye sukari ameniletea yai la kuchemsha, eti mwongozaji asifunge. Mzee Alfonsi amenifanyia baya zaidi. Amekwenda kanisani kuazima kipaza sauti cha mkononi, kile cha mikutano ya nje, ili wa viti vya nyuma wanisikie vizuri.

Kwa hiyo sitakiri kwa sauti ya mdomo wangu tu. Nitakiri kwa kipaza sauti.

Nimefikiria kukimbia. Treni ya abiria sina uhakika nayo siku hizi, lakini lori la mahindi la Dumila linaondoka jioni na dereva ananijua. Nimefikiria kuumwa tumbo. Tumbo linauma kweli, lakini nani ataniamini, mimi nimemaliza akiba yangu yote ya kuaminiwa kwa tembo aliyeinamisha kichwa. Na nikikimbia, nani atambeba? Nikifika hapo mawazo yote yanasimama, kama ng'ombe waliofika kwenye mto uliojaa.

Viti nimeshapanga. Bibi amekaa dirishani, kiti cha pili kutoka mbele. Mzee Alfonsi nimemweka nyuma kabisa, upande mwingine, na koti nimemwomba alivue. Amesema atafikiria. Mimi niko mbele karibu na Sudi, nimegeuka kuwatazama wazee, maana mwongozaji hawapi watu mgongo. Maana yake tembo akitokea mbele, wote watamwona kabla yangu. Nitamjua kwa macho ya Bibi.

Mwenye duka amesema zimebaki dakika tano, na hiyo barua ya kazi imekuwa kitabu.

Mwongozaji wa kweli jioni kama hii angeomba tembo wajitokeze mapema, kabla jua halijawa kali wakaingia vichakani. Na mimi naomba hivyo, kwa ajili ya Bibi, naomba kwa dhati kabisa. Halafu, kwa ajili yangu, naomba wachelewe kidogo. Sijui Mungu atazifanya nini dua mbili za mtu mmoja.

Hivi asubuhi tembo huwa wanakuwa upande gani, kulia au kushoto? Mtu aliyewahi kuingia angejua.